Povu la Kumrudisha Mke

Jumatatu, 3 Machi
Kinyozi wa ng'ambo ya barabara, yule tunayemwita Bubu kwa sababu hafungui mdomo ila kupiga miayo, leo alijaza wateja hadi mlangoni. Mimi nilinyoa kichwa kimoja, tena cha baba mdogo, aliyeondoka upande mmoja ukiwa bado haujanyolewa. Kila nikiongea na mtu anageuza uso. Mke wangu naye yuko kwa dada yake tangu mwezi uliopita. Siku anaondoka alianza kunieleza sababu. Bahati mbaya nilikuwa namweleza jambo, hatukuifikia.
Nimeunganisha mambo. Kinywa kinanuka! Nikikisafisha, atarudi.

Jumanne, 4 Machi
Nimenunua dawa ya meno yenye povu jingi kuliko zote dukani, na dawa ya kusukutua, ile kali. Nimepiga mswaki asubuhi, mchana, jioni na kila baada ya mteja. Nikasukutua. Inawaka! Machozi yalinitoka. Kama inawaka, inafanya kazi.

Alhamisi, 6 Machi
Ushindi! Mashavu kwa ndani yanatoa utando mweupe, kama ule wa juu ya maziwa yaliyochemka. Uchafu wa miaka unabanduka. Nimeongeza dozi.

Ijumaa, 7 Machi
Vidonda mdomo mzima. Hata chai haipiti. Mficha maradhi kifo humuumbua, nikaenda kwa daktari wa meno, mama mmoja asiye na haraka. Akasema ule si uchafu, ni ngozi yangu mwenyewe ya ndani ya mdomo. Kwenye dawa ya meno kuna kemikali ya kutoa povu, na kwa baadhi ya watu huichubua ngozi hiyo. Spiriti iliyomo kwenye dawa ya kusukutua nayo inaikausha na kuichoma. Akaniamuru niache vyote viwili, nitumie dawa isiyo na povu, kidogo tu, na nisukutue kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi. Nikauliza kuhusu harufu. Akanusa. Akasema sina harufu yoyote.
Nadhani ana mafua.

Jumapili, 9 Machi
Mke wangu alikuja na shemeji. Nilikuwa nimeandaa hotuba ya kumrudisha. Ulimi ukagoma! Nikabaki kutikisa kichwa.
Akaongea yeye. Akasema siku aliyopigiwa simu kwamba mama yake amefariki, aliniita na kuniita tena, nami nikamwambia asubiri nimalize kisa cha mteja. Nilitaka kumfafanulia kwamba kisa kile kilikuwa karibu na mwisho, lakini kidonda kilinichoma. Kisha nikamtazama usoni, na moyo ukaniuma kweli. Nikalia. Akanishika mkono. Akasema Jumamosi atarudi na begi lake. Shemeji akasema kumbe shemeji yake ana masikio.
Dawa ya kusukutua imefanya kazi!

Jumamosi, 15 Machi
Nimepona. Mdomo laini kama wa mtoto.
Mke wangu alifika mchana. Alikaa kwenye ukingo wa kiti, akasema kuna jambo amelifikiria njiani. Nikamwambia ngoja kwanza. Nikampa hotuba yote ya Jumapili, na kwa kuwa nilikuwa na deni la maneno ya wiki nzima, nikaongeza habari za povu, spiriti, daktari na Bubu. Nilitiririka! Nilipomaliza, chai yake ilikuwa imepoa na begi halijafunguliwa. Akainuka, akalichukua. Hakugomba, hakulia. Aliniaga taratibu kama anavyoagwa jirani, akarudisha mlango.
Nimekaa kitandani upande wake. Nyumba imepooza. Sijawahi kujisikia mpweke hivi. Na lile jambo la njiani sikulijua.
Nimewaza sana. Kinywa ni safi, daktari alithibitisha. Halafu nikakumbuka: muda wote nilipokuwa nikiongea, mke wangu alikuwa ameinamisha macho sakafuni.
Ni miguu!