Mgeni Rasmi wa Mpira wa Yai

Muigai alipopasua robota la mitumba alilonunua mpakani Suam, nusura azirai. Badala ya jinzi zilimwagika helmeti zenye vyuma mdomoni, jezi za mabega mapana, na mpira uliochongoka huku na huku kama yai. Mtaji wake wote ulikuwa umelala pale chini sokoni Kitale, na hakuna mama ambaye angemvalisha mtoto helmeti kwenda kanisani. Mwingine angelia. Muigai, ambaye hajawahi kupata hasara bila kumtafuta mwingine wa kuibeba, alitabasamu.

Keshoye alikuwa Kamukuywa, upande wa Bungoma, suti imenyooka, sebuleni kwa Mzee Wakoli, karani mstaafu aliyependa kuitwa mwenyekiti wa chochote kile.

"Mzee, hii ni futiboli ya Kimarekani, ya kulipwa. Msimu wa kwanza, Kitale na Bungoma! Hata wao, mwaka wa 1920, ligi yao walianzishia ndani ya duka la magari."

Hilo la duka lilikuwa kweli. Mwongo hodari hutia ukweli kidogo, kama chumvi kwenye mboga.

"Na mwenye timu ya Bungoma ni nani?" Wakoli akauliza, macho yakimng'aa.

"Si ni wewe, mzee! Ukinipa tu yule mtamba wa gredi, ng'ombe wa kizungu nimeona hapo nje."

Jentrix, mke wa Wakoli, alisimamisha birika hewani. "Ati mtamba? Si huyo ndiye nangojea anipe maziwa, bana!"

"Mama Ivy, wacha kurudisha watu nyuma," Wakoli akamkemea.

Jentrix akamimina chai. "Sawa. Lakini huyu apewe mtamba uwanjani, watu wakiona. Na yeye awe mgeni rasmi."

Muigai alikubali upesi mno. Mgeni rasmi! Hata marehemu babake hakuwahi kuitwa hivyo.

Siku ya mechi uwanja ulijaa pomoni. Sheria hakuna aliyezijua, Muigai akiwa wa kwanza. Mwenye mpira alikimbia, wengine wote wakamlalia, na watu wakashangilia mpaka sauti zikakauka. Muigai alikaa mbele, amevikwa shada la karatasi za kumetameta, akimpungia mkono mnunuzi wa ng'ombe kutoka Kachibora aliyengoja na pikapu ya kumbeba mtamba.

Kamba ya mtamba ilipotua tu mkononi mwake, Jentrix akanyakua kipaza sauti.

"Mgeni rasmi haji mikono mitupu! Huyu mheshimiwa ananyamaza kwa unyenyekevu, wacha mimi niseme. Mtamba wake ametoa kwa harambee ya paa la kanisa!"

Vigelegele! Muigai akawatazama wale vijana wa miraba minne, helmeti kichwani, wakimpigia makofi. Umeona wapi mgeni rasmi akikataa harambee akafika nyumbani na suti yake?

"Kwa... kwa moyo mweupe," akasema, roho ikimuuma kweli kweli.

Mnada ukaanza papo hapo. Kikundi cha akina mama, mwenyekiti wake Jentrix, kikataja bei ndogo ya aibu. Mnunuzi wa Kachibora akainua mkono. Mchungaji akamtazama kwa upole, mkono ukashuka wenyewe. Mtamba akarudi kwa boma la Jentrix, na kanisa likapata mabati mawili, Mungu ashukuriwe.

Wiki iliyofuata ligi ikaendelea Kitale bila yeye, na umati ukafurika. Muigai akaenda mbio kudai helmeti zake. Langoni alimkuta Ivy, bintiye Jentrix, akiuza tiketi.

"Niaje, Anko. Kiingilio."

"Kiingilio gani? Hii ligi si ni mimi nilianzisha!"

"Najua. Mama amesema wewe unaweza kuingia bure." Ivy akainua shada la karatasi za kumetameta. "Mgeni rasmi wa leo bado hatujapata."

Muigai akaingiza mkono mfukoni haraka, akalipa.