Mlango wa Kusukuma kwa Kidole Kimoja

Jumatatu, 3 Juni

Vita imetangazwa. Binti yetu alikuja jana, akala, akashiba, akajifuta mdomo, halafu akasema Jumapili ijayo anamchukua mama yake akaishi kwake. Mpaka apone, Baba. Mpaka! Naijua mimi hiyo mpaka, haina mwisho. Nitabaki hapa peke yangu nikisalimiana na sufuria.

Sababu ni mlango wa jikoni, ule wa kutokea uani. Niliutengeneza mimi, kwa mikono hii hii, mwaka aliozaliwa binti mwenyewe. Mbao nene, ngumu. Mchwa walijaribu wakaacha. Kosa lake ni dogo tu. Kuufungua ni lazima uuvute kwa mikono miwili, huku unarudi nyuma, huku umekaza meno. Na mke wangu tangu apasuliwe goti anatembea kwa magongo. Mikono yote miwili iko kwenye magongo. Wiki iliyopita nilitoka kidogo, akajaribu kuuvuta mwenyewe, nusura aanguke. Mlango wa mbele ndio usiseme, una ngazi kama za mnara.

Kwa hiyo anakaa. Akitaka kwenda uani, ananiita. Akitaka choo, ambacho kiko nje, ukuta mmoja na jiko, mlango kwa mlango, ananiita. Mwanamke huyu! Mimi humwita Jemadari na simwiti bure. Ameiongoza nyumba hii miaka yote bila kupaza sauti. Sasa anangojea kufunguliwa kama mtoto wa shule. Wala haombi kwa unyonge. Anasema, Mzee, mlango, na mimi huyo mbio. Lakini nimeona anavyoutazama ua kupitia dirisha. Nimeona.

Nikamwambia binti, Jumapili ukija utakuta mlango wa kuteleza. Unausukuma kwa kidole kimoja, unakwenda pembeni kama pazia. Akauliza nani atautengeneza. Nikamuuliza, huu wa zamani nani aliutengeneza? Akasema ndiyo maana anauliza.

Ulimi wa mama yake mtupu. Nimeudhika. Nimejivuna pia.

Jumanne, 4 Juni

Shemeji amekuja. Ni kaka yake Jemadari, fundi seremala. Huyu futi yake haitoki kiunoni. Ukimkaribisha chai anapima meza kwanza. Nimemkuta anapima mlango wangu bila hata kuniamkia.

Akaniomba nimwachie kazi yeye. Nikamwambia nyumba moja haikai mafundi wawili. Akasema hilo analikubali kabisa, ila huyo mmoja yuko wapi, mbona hamwoni? Jemadari akacheka mpaka magongo yakamponyoka. Nikayaokota kwa heshima zangu.

Halafu shemeji akauliza mlango utatelezea upande gani. Swali la kitoto! Ukisimama uani, kushoto kwa mlango kuna benchi langu la saruji. Nililijenga mwenyewe, ndipo ninapokaa jioni. Halihamishiki, na lingehamishika nisingelihamisha. Basi utatelezea kulia. Shemeji akatazama kulia. Akatazama tena. Akafungua mdomo. Nikamwambia aufunge. Akasema haya, shemeji, mwenye nyumba ni wewe.

Hatimaye mtu ameelewa.

Jumatano, 5 Juni

Nimeung'oa mlango wa zamani. Niseme kweli, haukung'oka kirahisi. Bawaba zimeshikana kwa kutu kama ndugu. Nilipiga nyundo, nikapiga tindo, nikasukuma kwa bega. Hautikisiki! Nikakaa chini nikautazama kwa mapenzi. Aliyetengeneza kitu hiki alikuwa mtu wa ajabu. Nikanywa maji. Nikaendelea kumpiga mtu huyo wa ajabu mpaka akatoka pamoja na fremu na kipande cha ukuta.

Kizingiti nacho nimekichimba chote. Kilikuwa kirefu, hata mimi kimewahi kuniangusha, ila sikumwambia mtu. Nikalainisha sakafu kwa saruji, kutoka jikoni hadi nje, laini kama kiganja. Nikageuka kunawa mikono. Kuku! Wakapita juu ya saruji mbichi wakaingia jikoni, wote, jogoo mbele.

Hapo ndipo utamjua Jemadari. Hakuinuka kitini. Alichukua gongo moja, akagonga kushoto, akagonga kulia, akasema neno moja tu ambalo sitaliandika. Kuku wakatoka kwa mstari. Jogoo nyuma, kichwa chini. Nimekaa na mwanamke huyu miaka yote na bado ananishangaza.

Nyayo za kuku nimezifuta kwa mwiko. Zimebaki chache tu. Pambo.

Alhamisi, 6 Juni

Siku kubwa! Nimemaliza mlango. Mbao nyepesi safari hii, nimezipiga randa mpaka zinang'aa. Reli juu, nje ya ukuta. Mlango unaning'inia kwa vigurudumu viwili. Nikausukuma. Ukaenda! Bila mlio! Nikausukuma tena ili nijisifu vizuri.

Nikamwita Jemadari aje aone. Nikaufunga, nikauachia. Ukajifungua wenyewe. Nikaufunga tena. Ukajifungua tena, taratibu, kama mtu anayekaribisha wageni. Nikamwambia, umeona? Mlango wenye adabu! Wewe hata kidole hutumii! Akauliza utabakije umefungwa. Hayo ni mambo madogo madogo.

Shemeji alikuwa amesimama nje ya ua, hakuna aliyemwita. Akapaza sauti kwamba reli imelala upande mmoja, shemeji, nikupe pima maji? Nikamwambia jicho langu ndilo pima maji. Akasema basi maji yake yamemwagika.

Nimelitafuta jibu mchana kutwa. Nimelipata sasa hivi, zuri sana, lakini ameshaenda kwake.

Ijumaa, 7 Juni

Nimeshinda! Baada ya chakula cha mchana nilijinyoosha kidogo. Nilipoamka nikaenda mlangoni kuanza mapambano na reli. Nikaufunga mlango. Ukatulia. Nikaufungua nusu. Ukatulia nusu. Popote unapouweka, unakaa. Watu wasiojua mbao hawawezi kuelewa. Mbao mpya ina kiburi siku ya kwanza, siku ya pili inamtambua bwana wake.

Jemadari akasema kaka yake alipita kumjulia hali wakati nimelala. Alipita na ngazi? Maana ngazi imeegemea mahali pengine, na ukutani kuna alama za penseli nisizozikumbuka. Uzee huu. Nikamwambia Jemadari, bahati mbaya hakungoja aone mlango ulivyojinyoosha wenyewe. Akaniangalia, macho yanacheka. Akasema, hongera, Mzee.

Hongera ya Jemadari haitolewi hovyo. Nimeiandika hapa ili isipotee.

Jumapili, 9 Juni

Niliamka mapema nikavaa shati la sherehe. Nikapiga ndoano ukutani ya kuushikilia mlango ukiwa wazi, upepo usiusukume. Binti akafika na begi kubwa, tupu, la kutilia nguo za mama yake. Akaliweka katikati ya jikoni, tuliruke wote. Mama yake akaliangalia. Mimi nikaliruka.

Jirani yetu mshonaji, rafiki wa Jemadari, akaja na kipande cha kitambaa mkononi, sindano bado imening'inia. Shemeji naye akaja. Akasalimia watu, akaomba kwenda chooni kabla ya mambo kuanza. Nikamwambia nenda, ila usichelewe, hutaona tena kitu kama hiki.

Nikawapanga binti na mshonaji uani. Jemadari alibaki kitini jikoni, mlango umefungwa. Nikasukuma. Kwa kidole! Mlango ukateleza kwenda kulia mpaka mwisho, nikauchomekea ndoano, nikaanza hotuba. Nilieleza habari za mbao. Nilieleza habari za vigurudumu. Ukuta ukaanza kugongwa. Nikawaambia wageni, sikieni, wapo mafundi ambao hata leo wanapiga misumari kwa wivu.

Kumbe ni shemeji. Mlango wa choo unafungukia nje. Na mlango wangu, ukiwa wazi, unasimama mbele yake kama askari.

Akapiga kelele nimfungulie. Nikamjibu umefunguliwa, watu wote wanauona! Akasema wa choo! Nikamweleza kwa utulivu kwamba wa choo hauwezi kufunguka mpaka nifunge wa jikoni. Basi funga! Nikamwambia sijamaliza. Akasema shemeji, humu kuna joto. Nikamwambia hata huku lipo. Mshonaji alikuwa amejiinamia, mabega yanamtikisika. Binti akaninong'oneza, Baba, tafadhali. Lakini ukikatiza hotuba katikati, watu watadhani kuna kasoro.

Ndipo nikasikia magongo. Ko. Ko.

Jemadari alikuwa ameinuka. Akaja hadi pale kilipokuwa kizingiti. Nikaikatiza hotuba mwenyewe. Gongo moja likatoka nje. La pili. Mguu mzima. Mguu wenye goti. Binti akataka kumkimbilia, mshonaji akamshika mkono. Hakushikwa na mtu. Hakumwita mtu. Akasimama uani mwake, peke yake, jua limempiga usoni, akavuta pumzi kama mtu aliyetoka majini.

Akageuka. Akainua ndoano kwa ncha ya gongo. Akabana gongo kwapani, akanyoosha kidole kimoja, akasukuma.

Mlango ukaenda! Bila mlio!

Shemeji akatoka amelowa jasho, futi yake shingoni. Jemadari akamwambia, karibu uani, kaka. Halafu akanigeukia mimi. Mzee, hotuba imekwisha.

Akatuacha tumesimama, akaenda kwenye mboga zake. Akaanza kunisema. Hii umeimwagilia nini? Huyu nani aliyepanda kombo? Mbona kamba ya nguo inaburuzika chini? Alizunguka uani kote akiyahesabu makosa yangu, na sijawahi kusemwa nikafurahi namna ile.

Binti alikaa kwenye benchi langu, analia na kucheka. Baadaye akalikunja begi likawa dogo, akalibana kwapani. Akasema Mama abaki, nani wa kumtoa hapa? Ila, Baba, huko chooni mtafanyaje? Nikamwambia ule ni usalama wa ziada.

Jumatano, 12 Juni

Naandika nikiwa chooni. Si kwa kupenda.

Shemeji alikuja Jumatatu. Akasema nyundo ya nusu siku tu, livunjwe benchi, mlango utelezee kushoto, mambo yaishe. Benchi langu! Nikamwambia aondoke na nyundo yake. Badala yake nikaweka sheria. Kila anayepita mlango wa jikoni aufunge nyuma yake. Sheria nzuri, fupi, nimeitangaza kwa sauti. Kila mtu anaifuata isipokuwa Jemadari. Nani wa kumwamuru jemadari?

Tena siku hizi haniiti kabisa. Nakaa ndani nimetega sikio, labda ataniambia Mzee, mlango. Kimya. Nikichungulia, kiti kitupu. Yuko kwenye mboga. Yuko kwenye kamba ya nguo. Jana nilimkuta anamfundisha jogoo.

Leo niliingia humu, sijakaa sawasawa, nikasikia mlango wa jikoni unapita. Ukafika mwisho. Ndoano ikaingia, tik, vizuri kabisa, kama nilivyomwonyesha. Halafu magongo, ko ko ko ko, mbio, kuelekea kwa mshonaji. Nikagonga. Nikaita. Hasikii. Amefika mbali. Sikujua kama anaweza kufika mbali hivyo. Sasa nasikia kicheko chake ng'ambo ya ua, kile cha zamani, cha kabla ya goti. Nimekaa nakisikiliza. Mwanamke wa ajabu! Na mlango ule! Hodari wawili.

Penseli ninayo mfukoni, nafasi ya kufikiri ninayo. Nimelipata kosa. Mlango wa jikoni hauna dosari. Mwenye dosari ni huu wa choo. Mlango wa kizamani, unafungukia nje bila kuangalia nani yuko mbele. Nao lazima uteleze! Kulia haiwezekani, ukuta umeishia pembeni. Basi utatelezea kushoto, upande wa jikoni, kuna nafasi tele.

Naanza kesho. Shemeji nisimwambie. Ataniuliza maswali.