Pumzi za Mwisho za Gari Jeupe

Fundi Masikio alilisikia gari kabla hajaliona. Lilikuwa linapuliza ssss bila kupumzika, kama sufuria yenye kifuniko kibovu. Akalikuta mbele ya duka la kinyozi, jeupe, safi, boneti juu, injini inanguruma, na kando yake mama wa makamo kajishika kiuno. Masikio akazima pikipiki na kumshukuru Mungu kwa riziki isiyo ya jasho.

Jina lake lilitokana na bisibisi. Mafundi wengi husikiliza injini kwa kuegemeza bisibisi ndefu kwenye chuma na mpini sikioni. Yeye alifanya hivyo kafumba macho, akiguna, na kila mguno ulimtoa mteja kijasho. Kwa bisibisi hiyo alikwisha kuzika injini nyingi zilizo hai.

"Shikamoo mama. Limeanza lini kulia hivi?"

"Marahaba mwanangu. Sasa hivi tu. Nami naenda kwa binti yangu, amejifungua, hana hata mtu wa kumshikia mtoto. Tafadhali usilizime, stata imekufa, mpaka lisukumwe."

Masikio akainama, na papo hapo akauona ugonjwa. Mpira mwembamba wa hewa ulikuwa umechomoka mahali pake, na injini ilikuwa inavuta hewa hapo kwa kelele zote hizo. Kuurudisha ni kazi ya kupiga chafya moja. Lakini ukweli haujawahi kumpatia fundi gari. Akaegemeza bisibisi, akafumba macho, akaguna mara tatu.

"Mama, kaa chini kwanza."

"Niambie tu. Nimeshazika mume, nitashindwa na injini?"

"Hizo ni pumzi za mwisho. Imepasuka tumboni. Adhuhuri haifiki."

Mama akajifuta machozi kwa ncha ya mtandio. Masikio naye akatikisa kichwa kwa huzuni ambayo, tuseme kweli, ilipendeza kuliko ya ndugu wengi wa marehemu.

"Sasa nitafikaje kwa mwanangu? Nani atanipa hata baiskeli kwa mzoga huu?"

Masikio akaitazama pikipiki. Haikuwa yake peke yake. Mkewe alikuwa mwoka mikate, na pikipiki hiyo ndiyo iliyoisambaza madukani kila alfajiri. Bila hiyo hakuna biashara, na bila biashara hakuna chakula nyumbani. Lakini gari ni gari. Akamwona mkewe kiti cha mbele, mikate nyuma, na majirani wamenuna.

"Chukua pikipiki yangu, mama. Mzigo huu niachie mimi, nitauza kipuri kimoja kimoja."

"Utapata hasara, baba."

"Mzazi ni mzazi."

"Na kadi ya gari? Imebaki nyumbani."

"Kadi ya nini? Hiki ni chuma chakavu, mama. Chuma hakina kadi."

Mama akamwombea dua ndefu yenye watoto na wajukuu ndani yake. Kisha akakaza mtandio, akapanda, akaipiga teke moja ikawaka, akaingiza gia bila kutazama chini, akapenya kati ya malori mawili. Jambo hilo lilimtekenya Masikio mahali fulani kisogoni, ila mikono yake ilikuwa na haraka. Akauchomeka mpira. Kelele zikakatika, injini ikatulia. Akafunga boneti, akaketi kwenye usukani, akarekebisha kioo.

Ndani ya kioo akaona mtu anakuja mbio kutoka kwa kinyozi, shuka shingoni, nusu ya kidevu povu.

"Bwana, unalipeleka wapi gari langu?"

"Lako? Nimebadilishana na mama, sasa hivi."

"Mama gani? Yule niliyempa lifti? Nimemwomba anilindie tu, maana nikilizima haliwaki."

Masikio angeweza kupiga yowe la mwizi. Ila watu walishaanza kukusanyika wakiuliza mwizi yuko wapi, na aliyekuwa kwenye usukani ni yeye. Akashuka taratibu.

"Lilikuwa linalia, mzee. Mpira ulichomoka, nimeurudisha."

"Aliuchomoa mwenyewe yule mama," kinyozi akasema akiwa mlangoni, wembe mkononi. "Nimemwona akifungua boneti, nikadhani naye ni fundi."

Mwenye gari akatega sikio, akaridhika. "Kweli limetulia. Mungu akuweke, kijana. Mafundi waaminifu kama wewe wamekwisha mjini."

Hizo zilikuwa sifa za kwanza za halali katika maisha ya Masikio, na zilimuuma vibaya sana. Akarudi nyumbani kwa miguu.

Mkewe alisikiliza kisa chote mikono ikiwa bado kwenye unga.

"Anaitwa nani huyo mama?"

"Sikumuuliza."

"Anakaa wapi?"

"Sikumuuliza."

"Mume wangu, umempa mtu pikipiki, hata jina hukumuuliza?"

Masikio akatazama sakafu. "Nilichelea naye asije akaniuliza langu."

Mkewe hakugomba. Kulipopambazuka alimtwisha kreti la mikate kichwani, akampa na la pili mkononi, akamfungulia mlango.

"Ukifika kila duka," akasema, "anza kwa kutaja jina lako."