Kiingereza cha Kupeana Mgongo

Jumatatu, 2 Desemba
Barua imefika kutoka shule ya Kiingereza ya mjini. Imeandikwa Kiingereza, nikaipeleka dukani kwa Bibie, Bondeni. Akaisoma huku anapima mchele. Akasema Lusungu wangu anatakiwa Ijumaa, nafasi ya darasa la kwanza imebaki moja, na mzazi atahojiwa kwa Kiingereza. Ukikwama, mtoto unarudi naye. Tangu Sabrina wake aingie shule hiyo, hata chumvi anaiuza kwa thenkyu. Mimi niliishia la nne.

Jumanne, 3 Desemba
Mwalimu nimempata. Baba mkwe. Alikuwa karani wa chai Tukuyu, Kiingereza anacho. Shida ni kwamba kwetu Wanyakyusa mke na baba mkwe wake hawatazamani. Jina lake hata humu siandiki. Nikamtuma Lusungu akamwombe babu yake. Akakubali. Mimi nimekaa upande huu wa migomba nimempa mgongo, yeye upande ule kanipa wake. Anarusha sentensi, naokota.

Alhamisi, 5 Desemba
Ninazo tatu. Jina langu, ninakotoka, mtoto wangu ana akili. Nikaenda kwa Bibie kununua sabuni, nikamshushia zote nimeelekea mlangoni. Akaniuliza, Mama Lusungu, unaongea na nani huko barabarani? Wivu.

Ijumaa, 6 Desemba
Mwalimu Mkuu ni mzee wa mvi, kama baba mkwe kabisa. Akanisalimia kwa Kiingereza. Nikamtazama usoni, kikayeyuka chote. Lusungu ananivuta kanga. Nafasi moja, na mama bubu. Basi nikageuka, nikaielekea kalenda ya ukutani. Zikatoka zote tatu, kama maji.

Kisha kiti kikakwaruza. Nikachungulia: Mwalimu Mkuu naye kageukia dirisha. Akasema kwa Kinyakyusa, taratibu, kwamba nisiogope mwanangu, na yeye ana wakwe wa kike. Ila alichotaka ni cheti cha kuzaliwa cha mtoto. Barua ilisema hivyo tu.

Cheti kiko nyumbani, chini ya godoro. Saa sita ofisi inafungwa, na nje kuna mama mwingine na mtoto wake, cheti mkononi. Nikampigia mume wangu, Gwamaka. Akafika na bodaboda saa sita kasoro dakika nne, shati limefungwa upande. Lusungu kapata.

Jumapili, 8 Desemba
Kanisani nimewaeleza wote jinsi Kiingereza changu kilivyompatia Lusungu nafasi. Gwamaka anasema ni cheti. Mwache, hakuwepo nilipokuwa naongea.

Nimemshauri Bibie aache kuwakodolea wateja macho anaposema Kiingereza. Ndiyo maana chake hakinyooki. Akaninunia, lakini barua mpya ya shule kanisomea vizuri tu. Kikao cha wazazi, Januari, na kila mzazi atahutubia.

Baba mkwe ameahidi sentensi tano zaidi. Siku hiyo nitakaa kiti cha mbele kabisa. Nitakigeuza tu.