Bibi Wawili, Oveni Moja

Jumanne, 20 Desemba

Binti yangu kapiga simu. Mtoto atazaliwa mwanzoni mwa mwaka, chumba cha wageni ni kimoja, na bibi atakayebaki kumsaidia kulea ni mmoja. Wataamua Krismasi, bibi wote wawili tukiwa kwao, yeye na mume wake, kwa utulivu. Nikamwambia vizuri mwanangu, amueni kwa utulivu. Nilipokata simu nikajua hiyo ni vita.

Maana bibi wa pili ni nani? Ni Bibi Oveni. Mama mzazi wa mkwe wangu. Siku ya harusi mimi nilileta sufuria, nzuri tu, zenye mifuniko. Yeye akaleta oveni. Ilikuja na gari lake peke yake, ikabebwa na wanaume, watu wakasimama kuipisha kana kwamba ndiyo bibi harusi. Tangu siku hiyo sijamwita jina lingine. Kimoyomoyo lakini.

Mchana kutwa nimejilaza sakafuni kwa joto hili, nawaza. Jioni wazo likaja. Yeye ni wa keki. Mimi ni wa mkate mtamu wa zabibu, ambao binti yangu kakulia. Nikiuoka hapa utafika umepoa, na mkate uliopoa hauna wa kuutetea. Lakini nikikanda hapa, nikasafiri na donge bichi ndani ya ndoo, litaumuka njiani. Nafika, nalisukumia kwenye oveni ya mwenyewe, nyumba nzima inanukia kabla hajafunga aproni. Binti yangu atalia. Chumba kitakuwa changu.

Nimekaa kitandani nikishangaa kwamba wazo kama hili limetoka kwenye kichwa hiki hiki.

Alhamisi, 22 Desemba

Unga bado uko kwenye nywele, ila niandike.

Alfajiri nilikanda. Mdogo wangu, aliyekuja kunisindikiza stesheni, alisema dada, kwa joto la mwezi huu hamira weka ya kunusia tu. Nilimsikia vizuri. Nikaongeza kidogo, kwa heshima ya Krismasi. Halafu kidogo kingine, kwa ajili ya mjukuu.

Treni ilikuwa imejaa watu na mizigo ya sikukuu. Karibu yangu alikaa fundi cherehani, mama mnene mwenye maneno, na mkoba wa vitambaa mapajani. Ndoo nikaiweka miguuni. Mwanzoni niliisahau kabisa kwa sababu ya dirisha. Sijasafiri muda mrefu. Vilima vilikuwa vinapita polepole, kimoja nyuma ya kingine, na nyasi zote zimegeuka dhahabu kwa jua. Nikajiambia kumbe vitu hivi vyote vipo kila siku, na mimi niko jikoni.

Ndipo ndoo ikapumua.

Nikatazama chini. Mfuniko umeinuka upande mmoja, kama mtu anayechungulia kuona kama wageni wameondoka. Nikaubonyeza. Ukainuka upande wa pili. Nikatoka kwenye kiti nikaikalia ndoo yenyewe, nikaweka gauni sawa, nikatazama mbele kama mtu asiye na neno. Basi nikaanza kwenda juu. Sikuinuka mwenyewe, naapa, niliinuliwa. Nimekanda unga maisha yangu yote na sikujua una nguvu za namna ile.

Fundi akauliza mama, hiyo ndoo ina nini mbona inakukataa? Nikasema mkate. Akasema mkate gani haujapikwa na tayari una kiburi. Lakini ana roho nzuri. Alitoa lastiki kwenye mkoba wake, ile ya viuno vya sketi, akanishusha, akaizungusha kwenye mfuniko mara nyingi na kufunga fundo la kazi. Tukatulia. Kumbe lastiki ni lastiki, kazi yake ni kuvutika. Mfuniko ukapanda nayo taratibu, behewa zima likageuka kutazama. Mkagua tiketi akafika, akainama, akauliza kama abiria huyu wa kwenye ndoo ana tiketi.

Hapo lastiki ikakatika.

Mfuniko ulimvua kofia mkagua tiketi. Donge likatoka lote kwa pamoja, jeupe, linang'aa, limejaa zabibu, likamwagika ukingoni bila haraka. Kwa muda hakuna aliyecheka. Mzee mmoja wa kiti cha mbele alisimama, nadhani kwa heshima. Nami, pamoja na aibu yote, nilikuwa nimeshika shavu nikisema moyoni, mimi ndiye niliyefanya hiki?

Kisha wakacheka mpaka tukafika. Sehemu kubwa ilikwenda sakafuni na kwenye kiatu cha mkagua tiketi. Fundi aliokoa iliyobaki kwa mikono miwili, akanipa kama anayenikabidhi kichanga, akasema hongera, mama, umejifungua salama.

Binti yangu alinipokea stesheni. Tumbo limefika pale ambapo tumbo hufika. Nilisahau ndoo, nilisahau salamu, nikaweka kiganja changu juu yake na kitu kikanigonga kutoka ndani, kwa adabu, kama mtu anayebisha hodi.

Nyumbani, Bibi Oveni alikuwa ameshafunga aproni. Nyumba yote inanukia keki yake. Akanitazama nywele zilizojaa unga, akatazama ndoo, akasema pole na safari, mwenzangu, naona ulianza kupika njiani.

Ijumaa, 23 Desemba

Sikuwahi kuiona ile oveni ikifanya kazi. Ina dirisha. Ndani ya dirisha kuna taa. Mtu unakaa nje, mkavu, bila moshi, na unaiona keki ikiwa peke yake mle ndani inakua.

Nilivuta kigoda. Nilikusudia kukaa kidogo ili nijue ujanja wake. Nikakaa asubuhi yote. Kwanza ni uji tu. Halafu ukingoni inashika. Halafu katikati inatetemeka, inajaa, inapanda kilima chake, na rangi inaingia kutoka pembeni kama kunavyokucha. Mkwe wangu alipita kutafuta maji, akauliza mama unaangalia nini? Nikamwambia nyamaza, imefika pazuri.

Bibi Oveni alinipa sharti moja tu. Nisifungue mlango. Keki ikipigwa na hewa katikati ya safari inakata tamaa, ndivyo alivyosema. Nikasema mimi si mtoto.

Donge langu lilipewa nafasi ya chini. Likatoka mkate mdogo, nikiufumbata hauonekani. Binti yangu akaula amesimama, akafumba macho, akasema mama wee. Moyo wangu ukacheza. Bibi Oveni akamletea kipande cha keki. Akala, akafumba macho, akasema mama wee. Nilisikiliza kwa makini sana. Ilikuwa sauti ile ile.

Jumamosi, 24 Desemba

Leo ilikuwa keki yenyewe, ya kesho. Kubwa, ya matunda, mayai yamepigwa mpaka yakawa povu. Bibi Oveni aliisukuma ndani, akanitazama, akatazama mlango, akaenda kuoga. Ninasema wazi kwamba sikuwa na nia mbaya. Nia mbaya niliifikiria jana nikaiacha.

Ila ilipofika pale inapopanda, kioo kilifanya ukungu. Sikuona. Nikafungua kidogo tu, nipanguse. Ilinipendeza hivi, ana kwa ana, joto usoni, harufu ya maganda ya machungwa, nikasahau kufunga. Nikafunga. Nikafungua tena kuhakikisha sikuidhuru.

Katikati ikaenda chini. Polepole, kama mtu anayekaa baada ya kusikia habari. Pembeni imesimama, katikati shimo la kuweza kunawia mikono.

Bibi Oveni alitoka bafuni, akaiona, nami nikajiandaa kwa lolote. Hakunigombeza. Alikaa kwenye kigoda changu, akalia na taulo kichwani. Akasema ni mikono yake, imezeeka, haipigi tena mayai kama zamani. Akasema anajua watamchagua mama mzaa binti, siku zote huwa hivyo, mama wa mume huletewa mtoto amevishwa tayari, amshike, amrudishe. Ndiyo maana alinunua oveni. Ili awe na sababu ya kuja.

Mimi kumbe nilikuwa naiogopa oveni, na oveni ilikuwa inaniogopa mimi.

Sikumwambia habari ya mlango. Ilikuwa hapa, kwenye ulimi, ikarudi. Nilifanya nilichoweza: niliomba unga wake, nikakanda wangu wa zabibu, nikauoka wa duara kwa kipimo cha lile shimo, nikauzamisha katikati, tukapaka sukari na siagi juu mpaka hakuna mshono. Siagi iliyeyuka kwa joto, tukaipaka tena, ikayeyuka, tukapepea kwa vifuniko vya sufuria zangu, mmoja huku na mmoja kule. Alikuwa anacheka sasa. Akasema mwenzangu, una mkono mwepesi. Nikajisikia vibaya sana na vizuri sana.

Jumapili, 25 Desemba

Binti yangu aliikata keki mchana, madirisha wazi, jua limejaa mezani, feni inazungusha hewa moto tu. Kisu kilipita kwenye keki, kikaingia kwenye mkate, kikatoka kwenye keki. Akatazama kipande. Akauliza hii ni ya nani sasa? Tukasema yetu, wote wawili, kwa pamoja. Mkwe wangu akala vipande viwili bila kupumua.

Binti yangu hakula. Alishika ukingo wa meza, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba anaomba tusiogope.

Tuliogopa. Mimi nilivaa viatu vya Bibi Oveni, yeye akavaa vyangu, mkwe wangu akabeba mkoba wa hospitali na kisu cha keki. Tulikaa kwenye benchi la korido, tumeukazia mlango macho. Safari hii hakuna aliyethubutu kuufungua. Bibi Oveni alinishika mkono. Mkono wake si wa kizee hata kidogo, ulinibana mpaka pete ikaniuma.

Mkunga akatoka akisema kina bibi, ingieni, wa kike.

Sijui niandikeje. Niliwahi kuzaa, najua yanavyokwenda. Lakini huyu alifungua jicho moja, akalifumba, akafungua la pili, kana kwamba anajaribu taa za nyumba mpya. Kucha zake zipo. Zote, tayari, bila mtu kuziagiza. Bibi Oveni alisema kwa kunong'ona mwenzangu, tazama sikio. Tukatazama sikio. Tungeweza kulitazama mpaka mwaka mpya.

Jumanne, 27 Desemba

Wamerudi nyumbani. Baada ya chai walituita sebuleni, wakakaa wameshikana mikono, wakasema wameamua.

Nilimtazama Bibi Oveni. Alinitazama. Nilikuwa tayari kumwachia wiki ya kwanza, Mungu ananiona, nusu wiki hivi.

Binti yangu akasema wanatupenda wote sawa. Kwa hiyo hatabaki yeyote. Mume wake kapewa likizo ndefu kazini, atalea yeye, na tiketi zetu za treni zimeshakatwa. Keshokutwa, behewa moja, viti vya kukaa pamoja. Akatabasamu kama mtu aliyetupa zawadi.

Tukasema asanteni. Tukaenda jikoni. Bibi Oveni akazima taa ya oveni, akaiwasha, akaizima. Akasema mwanaume, mwenzangu. Mwanaume anamwogesha mtoto. Nikamwambia na hajui hata kushika shingo.

Jumatano, 28 Desemba

Leo asubuhi mkwe wangu kamwogesha mtoto. Tulisimama mlangoni, tumekunja mikono ya nguo, tayari kuruka.

Yule kijana ana mikono mikubwa kama sinia. Alipima maji kwa kiwiko. Kichwa cha mtoto kikalala kwenye kiganja chake kama yai kwenye kikombe, na alikuwa anaongea naye kwa sauti ya chini, anamwambia sasa tunaosha hapa, samahani bibie, sasa hapa. Mtoto hakulia. Mtoto alimtazama tu. Maji yalikuwa yanameremeta ukutani kutokana na jua la dirishani, na mimi nilisimama nikaona kwamba sijawahi kuona mtu akioshwa kwa upendo wa namna ile. Bibi Oveni alijifuta macho kwa aproni yake, kisha akanipa upande uliobaki mkavu.

Alimkausha, akamvisha, akamlaza. Hakukosea kitu hata kimoja.

Tumekaa jikoni kulijadili hili kwa kirefu, na tumekubaliana ni hatari kubwa. Mtu akifanya vizuri hivyo mara ya kwanza anajiamini, na akijiamini ndipo huteleza. Kijana huyu anahitaji watu wazima karibu kuliko tulivyofikiria. Bibi Oveni amesema kweli tupu, mwenzangu.

Basi kesho, mabegi yakishapelekwa mlangoni, goti langu la kulia litakataa kutembea. Lake litakataa nusu saa baadaye, ili isionekane tumepanga. Tumeshafanya majaribio ya kuchechemea toka kwenye meza hadi kwenye sinki. Mimi nachechemea vizuri zaidi, lakini sijamwambia. Maana wakisema abaki mgonjwa mmoja tu, lazima awe mwenye hali mbaya.