Nilivyomwokoa Binti Yangu Kwenye Ibada ya Kimya

Leo nimejivua nguo mbele za watu, jamani. Siyo nguo za kweli (suti ilikuwepo, angalau kwa muda). Heshima ndiyo iliyonivuka, mchana kweupe, na mtoto wangu wa kumzaa anaangalia.

Wengi mnanijua. Mimi ni mshereheshaji. Harusi, kipaimara, kuaga wastaafu, hapa Nduguti na vijiji vyote vya jirani, ukisikia spika inalia Jumamosi ujue ni mimi. Mtu akikaa kimya sekunde tano mbele yangu namuuliza kama anaumwa. Hiyo ndiyo kazi yangu, ndiyo tabia yangu, na leo ndiyo iliyoniponza.

Sasa nina binti, Elipendo. Mtoto mpole tangu anazaliwa. Zamani mgeni akija nyumbani akamuuliza, "Binti, uko darasa la ngapi?" yeye ananiangalia mimi. Nami nilikuwa simwangushi. "La nne huyu! Wa tatu kwa hesabu!" Nilijua tumegawana kazi: yeye akili, mimi mdomo.

Alipokuwa darasa la tano akapewa shairi asome kwenye mahafali ya kaka zake wa la saba. Beti mbili za kwanza, safi. Wa tatu, kimya. Mimi ndiye niliyekuwa nashika mic siku hiyo (nani mwingine?), nikaona mwanangu kasahau, anaaibika. Nikaruka jukwaani nikammalizia beti zote zilizobaki, maana wiki nzima nilikuwa nazisikia jikoni. Makofi! Mgeni rasmi akanipa mkono. Elipendo akashuka taratibu, akaenda kusimama nyuma ya mama yake. Tangu siku ile hakusema tena neno mbele za watu.

Alipofaulu la saba, mimi nilitaka ile shule ya mjini yenye bendi. Mama yake akakataa kata kata. Akampeleka kwa Marafiki, wale Wakristo wanaoitwa Wakweka, wana shule yao huko mbele, njia ya Kinyangiri. "Pale mtoto anasikilizwa," akasema. Nikamwambia mtoto mkimya unampeleka kwa watu wakimya, si atasahau hata kuongea? Mama Elipendo akishaamua, hata mimi sina mic ya kumshinda.

Haya. Elipendo sasa yuko kidato cha pili, na leo ilikuwa Siku ya Wazazi. Barua ya shule ilikuwa na kurasa mbili. Mimi nilisoma pale palipoandikwa kwamba chakula cha mchana kitakuwepo.

Asubuhi mke wangu akaniita. "Baba Elipendo, nisikilize."

"Nakusikiliza." (Nilikuwa natafuta soksi.)

"Mwanao kanipigia kwa simu ya matroni. Leo anataka kusimama aseme neno. Mwenyewe. Mbele ya watu wote."

Soksi ikanidondoka. "Wote?"

"Wote. Kuna ile ibada yao ya kimya. Watu wanakaa tu, halafu mtu akiwa..."

Hapo nikaacha kusikia. Kichwani nilishamwona mwanangu amesimama, midomo inatetemeka, ukumbi mzima unamkodolea macho, na baba yake hana cha kumsaidia. Mama Elipendo aliendelea kueleza mambo mengi, nina hakika yalikuwa ya maana sana.

"Umenielewa?" akamalizia. "Leo usimwingilie. Nakuomba, mume wangu. Leo tu."

"Nimekuelewa kabisa."

"Na huo mfuko una nini?"

"Miwani."

(Jamani, mfuko haukuwa na miwani. Ulikuwa na mic yangu isiyo na waya na spika yake ndogo, ukubwa wa mkate. Fundi haachi nyundo nyumbani.)

Tukapanda bodaboda, mshikaki, watatu pikipiki moja, mimi katikati na suti yangu ya bluu bahari. Tulipofika ilikuwa na rangi ya barabara. Nikajikung'uta, nikaingia ukumbini kutafuta jukwaa.

Hakuna jukwaa. Hakuna turubai, hakuna meza ya mgeni rasmi yenye kitambaa na maua ya plastiki. Mabenchi tu, yamepangwa pande nne, watu wanatazamana. Mkuu wa shule, mama mmoja wa makamo mwenye sweta la kijani, amekaa benchi moja na watoto wa kidato cha kwanza, wamebanana. Nikamwuliza mwanafunzi mmoja wa kike, "Mwanangu, ratiba iko wapi?"

"Shikamoo baba. Hakuna ratiba. Karibu ukae."

Hakuna ratiba! Nikamnong'oneza mke wangu, "Hawa watu wanahitaji msaada."

"Kaa," akasema.

Elipendo akaja kutuamkia. Kumbe karefuka! Shikamoo mama, shikamoo baba. Mikono yake ilikuwa ya baridi. Nikamwuliza, "Uko tayari?"

"Sijui, baba. Nikiwa tayari nitajua."

Akatabasamu kidogo, akaenda kukaa na wenzake, upande wa pili, ananitazama moja kwa moja. Mtu aliye tayari hasemi hivyo. Nimeingiza mabwana harusi wengi ukumbini, najua sura ya mtu anayetaka kukimbia.

Mkuu wa shule akasema, "Karibuni wazazi. Tutulie pamoja." Basi. Hayo tu. Akafumba macho.

Nikajua ni dakika moja, kama ile ya kumkumbuka marehemu. Dakika moja ikapita. Ikapita ya pili. Hakuna aliyekohoa. Nje mbuzi akalia, nikamshukuru sana yule mbuzi. Dakika ya tano tumbo langu likanguruma, mke wangu akanikata jicho utafikiri nimelituma. Dakika ya kumi nikaanza kutokwa na jasho. Haki ya Mungu, tangu nizaliwe sijawahi kukaa kimya dakika kumi nikiwa macho.

Jirani yangu alikuwa mzee mmoja, mzazi mgeni kama mimi, kofia kaipakata mapajani. Akaniinamia sikioni. "Samahani, kijana. Wanamsubiri nani?"

Jamani. Swali lile lilinichoma kama sindano. Wanamsubiri nani? Nikatazama upande wa pili. Elipendo kafumba macho, midomo inachezacheza, vidole vimeshikana. Nikaelewa yote kwa mara moja. Wanamsubiri mwanangu! Ukumbi mzima umekaa dakika kumi na tano unamsubiri mwanangu aseme, na mwanangu kagandishwa na woga, na hakuna hata mmoja mwenye huruma ya kumsaidia!

Mara akafumbua macho. Akaweka mikono kwenye benchi kama anayetaka kusimama. Akavuta pumzi. Akabaki hivyo hivyo.

Ilikuwa sura ile ile ya darasa la tano.

Nikaingiza mkono kwenye ule mfuko wa "miwani", nikatoa mic na spika. Mama Elipendo akanidaka koti. Mimi nikasimama, koti likabaki kwake.

Nikawasha. Yule mama wa Kizungu anayeishi ndani ya spika za Kichina akatangaza, kwa sauti ya kufika Kinyangiri, kwamba kila kitu kimeunganishwa vizuri. Watu wote wakafumbua macho.

"Hallo, hallo! Mic testi! Moja, mbili! Mkuu wa shule, walimu, wazazi wenzangu, itifaki imezingatiwa! Binti yetu Elipendo kapatwa na haya kidogo, ni kawaida, ni mtoto! Sasa naomba tumtie nguvu kwa makofi ya kilo tatu! Pasha! Pasha mikono! Moja, mbili, tatu... piga!"

Yule mzee wa kofia akapiga kofi moja. Pa! Akaona yuko peke yake, akarudisha mikono mapajani.

Wengine kimya. Hawakukasirika, hawakucheka. Walinitazama kwa upole tu, na ule upole ndio uliokuwa mbaya zaidi. Ukizomewa unajua la kufanya. Ukitazamwa kwa upole unafanyaje?

Nikaona bora nizime. Kitufe cha kuzima kimekaa jirani na kitufe cha muziki. Nikabonyeza jirani. Ukaanza ule wimbo wangu wa kumwingiza bibi harusi, na vigelegele vyake, na tarumbeta zake! Nabonyeza, haizimi. Nabonyeza tena, inaongezeka! Nikafanya kitu pekee kilichonijia akilini. Nikakaa juu ya spika.

Wimbo haukukoma. Sasa ukawa unatoka chini yangu, umebanwa. Mimi nimekaa wima, mikono magotini, nimetazama mbele kama mtu asiyehusika, na chini yangu bibi harusi anaingia ukumbini.

Mama Elipendo akanisogelea. Alinisukuma kwa bega, akachomoa spika, akaishika sehemu ninayoijua mimi tu (nilidhani), ikafa. Akaifunga ndani ya kitenge chake. Akanirudishia koti. Nikatamani ardhi ipasuke.

Na unajua walifanya nini wale watu? Walifumba macho tena! Kimya kikarudi pale pale kilipokuwa. Sasa nikakaa nacho bila ujanja wowote. Nilimwangalia Elipendo, kainamisha kichwa, nikajua nimemmaliza. Miaka miwili mwanangu anajikusanya, mimi nimemtawanya kwa dakika moja. Macho yakanijaa machozi, nasema kweli, na sikuwa na kitambaa.

Halafu akasimama.

Nilikodoa macho. Mke wangu alinishika mkono, ila safari hii hakuna aliyekuwa akienda popote.

"Yule ni baba yangu," akasema.

(Jamani! Kulikuwa na haja ya kuwaambia?)

"Mnisamehe sauti yangu ni ndogo. Baba anaogopa nikinyamaza. Nilipokuwa darasa la tano nilisoma shairi mbele za watu, nikanyamaza katikati, baba akanimalizia. Watu walimpigia makofi." Akatulia kidogo. Nikahesabu moyoni, moja, mbili, tatu, nne. Sikuruka. "Mimi sikuwa nimesahau. Nilikuwa navuta pumzi."

Nani alinipiga kifuani? Maana nilisikia kabisa.

"Nilipokuja hapa, mwaka mzima wa kwanza sikusema neno. Nilisubiri mtu anisemee. Hakuna aliyenisemea. Walinisubiri tu. Siku moja niliona kwamba wakinisubiri, maana yake wanaamini nina la kusema." Akanitazama. "Leo nilitaka kuwashukuru wazazi wangu. Mama kwa kunileta hapa. Baba kwa sababu hata ukumbi mzima ukinyamaza, yeye yuko upande wangu. Asante, baba. Sasa nimeshavuta pumzi."

Akakaa. Hakuna makofi. Na mimi, ambaye makofi ndiyo ugali wangu, sikuyatamani.

Ibada yao inaisha kwa kupeana mikono. Yule mzee wa kofia alinishika mkono kwa nguvu, akaninong'oneza, "Mimi nilipiga, kijana. Ulinisikia?" Nikamwambia nilimsikia, Mungu ambariki.

Mkuu wa shule naye akaja. Nikainuka kujieleza, akaniwahi. "Karibu sana, Baba Elipendo. Hapa mtu husema akisukumwa moyoni."

"Mwalimu, mimi nimesukumwa na woga."

"Wengi huanza hivyo," akasema, akanionyesha mahali pa kunawa mikono. Chakula kilikuwa wali na kuku. Nilikula macho chini.

Tukiwa tunakula, yule mzee akamgeukia Elipendo. "Binti, umesema vizuri. Uko kidato cha ngapi?"

Mdomo wangu ulishafunguka, "cha pi" imeshafika kwenye meno. Nikajaza wali. Elipendo akatafuna, akameza, akanywa maji (maji, jamani, kunywa maji kunachukua muda gani!), akasema, "Cha pili, babu. Shikamoo." Halafu wakaongea wawili hao karibu robo saa, habari za alizeti na hesabu, na mimi hakuna aliyeniuliza kitu.

Tukapanda bodaboda kurudi. Mshikaki, mimi katikati, spika iko kwa mama Elipendo na sijui kama nitaiona kabla ya Jumamosi. Tulienda kilomita kadhaa sijasema neno. Mwisho mke wangu akaniinamia begani.

"Baba Elipendo, unaumwa?"

"Hapana. Navuta pumzi."

Alicheka mpaka dereva akasimamisha pikipiki akidhani kuna mtu kaanguka. Yeye namruhusu, ana haki yake. Ninyi wengine kabla ya kucheka, naomba mkae kwanza kimya, hata robo saa tu.