Asante Kumi na Moja

Jumatatu, 14 Julai

Baridi. Ukungu umeshuka hadi mlangoni mwa stoo. Mama Eliaichi, meneja wetu, amerudi kutoka semina Arusha. Watu wakirudi semina huleta maneno mapya. Yeye ameleta sanduku.

Alitukusanya wafanyakazi wote tisa wa kituo cha maziwa, wakulima wakiwa bado kwenye foleni na keni zao. Sanduku ni la shukrani. Wiki hii kila mtu aandike kikaratasi kumshukuru mwenzake kwa wema aliomtendea kazini. Ijumaa vitasomwa mbele ya wote. Nilitazama paa nisije nikacheka. Mtu analipwa mshahara, halafu ashukuriwe kwa kufanya kile anacholipwa. Basi na ng'ombe tuwaandikie.

Kisha akaongeza jambo. Nafasi ya msimamizi msaidizi iko wazi tangu Machi. Ataipata yule ambaye wenzake wanamshukuru kwa dhati.

Nikaacha kutazama paa.

Miaka kumi na mmoja natunza stoo hapa Masama. Haijawahi kutoka ndoo bila saini yangu. Mpinzani ninaye mmoja tu, Fikirini, dereva wa gari la maziwa, mtu wa Moshi mjini. Huyu anamsalimia kila mkulima na kuulizia hali ya ndama wake. Mtu mzima mwenye kazi zake anapata wapi muda wa kuulizia ndama?

Jumanne, 15 Julai

Nimeanza wema. Jana nilimwambia mke wangu Gladness apike kiburu cha kutosha watu tisa. Akauliza kuna msiba gani. Nikamwambia ni upendo. Alinigusa paji la uso kama nina homa, kisha akaenda kuloweka maharage.

Saa nne nikaweka sufuria mezani, nikasimama kando na mwiko mkononi ili mpishi asisahaulike. Walikula ndizi na maharage mpaka wakakwangua ukoko. Stella, anayepima maziwa, akasema Gladness ana mkono wa baraka. Wote wakaitikia. Kisha nikaona wanne wanaelekea kwenye sanduku. 

Baadaye nilichungulia kwenye tundu. Cha juu kimeandikwa: Asante mama Gladness kwa kiburu.

Gladness hafanyi kazi hapa. Na ndizi alikata nani? Alikata mama yangu, ni kweli, lakini panga ni langu.

Jumatano, 16 Julai

Siku mbaya. Nimefunga mlango wa stoo ndipo ninaandika.

Foleni ilikuwa ndefu na Stella alikuwa peke yake. Nikamwambia apumzike, nimpimie. Alikataa kwa adabu. Alisema kipimo ni kimoja, tena ni cha kioo. Kumbe mimi ndiye niliyekipokea stoo kabla yeye hajajua maziwa yanatoka wapi! Nikangoja. Alipotoka kwenda kupokea simu, nikakichukua. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi kwa baridi. Kikaanguka sakafuni, vipande vitatu.

Hicho ndicho kinachoonyesha kama maziwa yametiwa maji. Bila hicho hatupokei hata kikombe. Wakulima zaidi ya arobaini nje, na maziwa hayasubiri mtu. Anayevunja anapewa barua ya onyo. Mimi ninazo mbili. Ya tatu ni kwenda nyumbani.

Nikatokea mlango wa nyuma, nikaenda kuhesabu ndoo.

Mama Eliaichi alipofika aliuliza mara moja tu, kwa sauti ndogo, na hiyo ndiyo sauti yake mbaya.  Ndipo Fikirini akavua kofia.

“Mimi nilikuwa napitisha keni hapa, mama. Nitakuwa nimekigonga mimi.”

Akaandikiwa barua palepale, ya kwanza maishani mwake. Akaiweka mfukoni, akawasha gari, akaenda Boma Ng'ombe kuazima kipimo kingine. Alirudi kabla maziwa hayajachacha. Wakulima walimshangilia kama bwana harusi.

Nimetafakari. Ni mtu gani anayebeba kosa ambalo si lake? Ni mtu mwenye mpango. Anatafuta kuhurumiwa ili sanduku lijae. Ujanja wa mjini huo, na mimi nimempa kipimo cha kuvunja bila kujua.

Alhamisi, 17 Julai

Stella amemwandikia Fikirini vikaratasi viwili. Ameniambia mwenyewe, tena akaazima kalamu yangu. Hata wakulima wameomba waandike, wakaruhusiwa. Jambo hili limeharibika.

Haki isipokuja yenyewe, huletwa. Mchana nilijifungia stoo na kitabu cha kutolea vifaa, ambacho kina karatasi nyingi zisizo na kazi. Nikaandika shukrani kumi na moja, zote kwangu. Nyingine kwa mkono wa kushoto. Kalamu ya bluu, nyeusi na kijani. Ile niliyotia jina la Stella nikaichorea kiua pembeni, maana wanawake hupenda viua. Moja ilisema: Aminieli ni baba yetu sote, bila yeye kituo kingefungwa. Nilipoisoma tena, machozi yalinilenga.

Nikazitumbukiza mbili mbili ili zisionekane zimefika pamoja. Mtu mwenye akili huwaza mbele.

Ijumaa, 18 Julai

Naandika kwa kifupi.

Fikirini alipata kumi na nne. Gladness, ambaye hayumo kazini, alipata nne. Kisha Mama Eliaichi akaanza zangu. Ya kwanza aliisoma vizuri. Ya pili pia. Ya tatu akapunguza mwendo, akaitazama kwenye pembe. Akaanza kuzipanga mezani moja baada ya nyingine kama karata.

Karatasi za kitabu cha stoo zina namba. 0341 hadi 0351. Miaka kumi na mmoja nimekuwa nikiandika chini ya namba hizo bila kuziona.

Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka. Stella akasema polepole kwamba yeye hajawahi kuchora ua.

Ilibaki karatasi moja, ya daftari la kawaida, imekunjwa mara nne. Ilitoka kwa Fikirini. Mama Eliaichi akaisoma: “Namshukuru Aminieli. Mwezi wa nne nilipofiwa na baba, nilirudi kazini, yeye akawa mtu wa kwanza kunipa mkono.”

Naikumbuka siku hiyo. Nilinyoosha mkono anipe ufunguo wa gari. Yeye akaushika kwa mikono yake miwili, akawa hauachii. Sikujua kama amefiwa. Nilidhani ameanza ulokole.

Fikirini ndiye msimamizi msaidizi. Mama Eliaichi akachukua karatasi ili aandike barua yangu ya tatu. Fikirini akamwomba asiandike. Alisema hilo ndilo ombi lake la kwanza katika kazi mpya, na asingependa likataliwe. Mama Eliaichi alinitazama muda mrefu, kisha akafunga kalamu.

Ni dhahiri Fikirini ananiogopa.

Jumapili, 20 Julai

Tulipotoka kanisani tulimkuta Fikirini uani kwetu. Amepanda mlima kwa pikipiki kutoka mjini, ana kilo mbili za sukari. Akamwamkia mama yangu shikamoo, akauliza habari za ng'ombe, na mama akamweleza tangu ng'ombe alipozaliwa. Mimi mama hajawahi kunieleza. Gladness akamletea chai na ndizi za kuchoma, zile kubwa.

Fikirini alisema hajui lolote kuhusu stoo na angependa nimfundishe. Nikamjibu nitaangalia nafasi.

Jioni nikamsindikiza hadi barabarani, kwa kuwa mama alinitolea macho. Hakuwasha pikipiki. Alisimama anavaa glavu.

“Kaka Aminieli, Jumatano nilikuwa mlangoni. Nilikuona.”

Nikaangalia taa ya pikipiki.

“Ningesema, ungefukuzwa. Nikafikiria watoto wako. Basi, yaishe.”

Nikapangusa macho. Moshi wa majirani labda, saa hizo wanapika.  Ukungu ulikuwa unashuka kwenye migomba na nilijua kuna neno natakiwa kulisema, naye alikuwa analingoja, au pengine alikuwa anangoja mkono upate joto. Nikalitafuta. Mwishoni nikamwambia kona ya pili kuna utelezi, aende taratibu.

Akaitikia kwa kichwa, akawasha, akaenda.

Nimerudi ndani, nimekaa, nimelipima jambo hili kwa haki. Ile kona imeshaangusha watu. Ningenyamaza, sasa hivi angekuwa mtaroni na mguu umevunjika. Nimemwokoa mtu, siku ya Jumapili, bila kuombwa na bila kulipwa. Na yeye ameondoka hajasema hata asante.